Tusiwapime kwa lumbesa waliotuongoza



Kila Taifa Stars inapokuwa na mechi ngumu, jina la Marcio Maximo hurudi vinywani mwa mashabiki. Mbrazili huyo aliondoka kwenye benchi la timu ya taifa mwaka 2010, lakini ukipita Mikumi mjini, au ukishuka hadi huku Malolo kwenye majaruba ya vitunguu, utawakuta vijana ambao wakati ule walikuwa wanaanza shule wakibishana na baba zao juu yake. Huyu atasema Maximo ndiye aliyetufundisha kuipenda Stars. Yule atamuuliza: alituletea kombe gani? Na wa tatu, ambaye hakosekani kijiweni, atakumbushia habari ya Juma Kaseja, na hapo ubishi utaanza upya hadi lori la vitunguu limalize kupakia na kuondoka.

Leo napenda tuutafakari ubishi huo. Pengine unajiuliza padre ana kazi gani na makocha siku ya Dominika. Anayo, kwa sababu ulimi unaomhukumu kocha kwenye kibanda umiza Jumamosi usiku ndio huo huo unaompokea Bwana katika Komunyo Jumapili asubuhi, na ndio unaomhukumu paroko, katekista na mwenyekiti wa jumuiya Jumatatu. Namna tunavyomkumbuka kocha aliyeondoka inafanana sana na namna tunavyowakumbuka wote waliowahi kutuongoza.

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka 2005 Tanzania ilikuwa imeporomoka hadi nafasi ya 175 katika orodha ya FIFA. Maximo alikuja katikati ya mwaka 2006, Rais Jakaya Kikwete akiwa na miezi michache Ikulu, na Serikali ikaubeba mshahara wake. Septemba mwaka huo Stars iliifunga Burkina Faso 2-1 Dar es Salaam katika kuwania kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za 2008. Machi 2007 tukachapwa 4-0 na Senegal kwao. Juni tukawabana Senegal hao hao 1-1 pale CCM Kirumba, Mwanza, na wiki mbili baadaye tukaifuata Burkina Faso Ouagadougou na kushinda 1-0, bao la kijana mdogo aitwaye Erasto Nyoni. Waliokuwa na umri wa kuelewa wanakumbuka nchi ilivyokuwa siku zile. Jezi ya Stars ilivaliwa hadi sokoni. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga walikaa benchi moja na kushangilia goli moja, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa gumu kuliona.

Kisha ikaja Septemba 8, 2007. Uwanja mpya wa Taifa, ule tunaouita leo Benjamin Mkapa, ulikuwa ndio kwanza umeanza kutumika. Watu walifurika kuiona Stars ikimalizana na Msumbiji. Tukafungwa 1-0, na safari ya 2008 ikaishia pale. Mwaka 2008 tukaibana Cameroon ya Samuel Eto'o 0-0 Dar es Salaam, lakini Kombe la Dunia la 2010 likatupita. Mwaka 2009 tulikwenda Ivory Coast kwenye fainali za kwanza kabisa za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani. Tukamfunga mwenyeji 1-0, na sare ya 1-1 na Zambia ikatutoa. Juni 2010 Brazil walikuja Dar es Salaam wakijiandaa na Kombe la Dunia la Afrika Kusini, wakatufunga 5-1. Maximo akamaliza muda wake akaondoka. Fainali za Mataifa ya Afrika hakutufikisha.

Hiyo ndiyo hesabu yake. Sasa tuangalie tulivyoipima.

Ninyi wakulima wa Malolo mnaijua lumbesa kuliko mimi. Mnunuzi anafika shambani, mnapatana bei ya gunia moja. Gunia likijaa anaongezea juu, anashindilia, anaongezea tena na kushona, hadi gunia moja linabeba vitunguu vya gunia moja na nusu. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mkulima mwenye vitunguu vinavyokaribia kuoza hana nguvu ya kubishana.

Mashabiki nasi tulimpima Maximo hivyo. Alikabidhiwa timu iliyokuwa imeporomoka hadi nafasi ya 175 mwaka uliotangulia, na kabla mwaka 2007 haujaisha ilikuwa imeingia ndani ya mia moja bora. Gunia lilikuwa limejaa. Sisi tukaongezea juu: atupeleke Mataifa ya Afrika, atupeleke Kombe la Dunia, ampange mchezaji wa klabu yangu, na asimwache nje mchezaji nimpendaye. Aliposhindwa kuijaza ile sehemu ya juu, tulisema gunia zima ni tupu.

Lakini ipo lumbesa ya pili, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu inavaa sura ya upendo. Maximo alipoondoka walikuja Jan Poulsen, Kim Poulsen, Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga na wengine baada yao. Kila mmoja alipofungwa, tulimkumbuka Maximo. Zile sare zikageuka ushindi kwenye simulizi zetu, na ile mechi ya Msumbiji tukaisahau. Tulimjaza sifa aliyeondoka ili gunia la aliyekuwepo lionekane dogo.

Tutajuaje kwamba kumbukumbu ile haikuwa upendo? Mwaka 2014 Maximo alirudi nchini kuifundisha Yanga. Mashabiki walimpokea kwa shangwe. Desemba 13 mwaka huo Yanga ikafungwa 2-0 na Simba katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na siku chache baadaye kibarua chake kikaota nyasi. Mtu yule yule tuliyemlilia kwa miaka minne hakuvumiliwa hata msimu mmoja uishe. Tulichokuwa tunakililia ni ujana wetu na furaha ya 2007. Maximo mwenyewe, mtu wa nyama na damu anayeweza kufungwa, hatukuwa na nafasi naye.

Maandiko Matakatifu yanawafahamu watu wa namna hii. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli wako jangwani na wamechoka na mana. Wanaanza kuikumbuka Misri. Wanakumbuka samaki, matango, matikiti na, sikilizeni vizuri wana Malolo, wanakumbuka vitunguu. Wanavitaja kwa machozi. Mjeledi wa msimamizi hawautaji, wala matofali, wala watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni. Kumbukumbu yao imechagua vitunguu na kuacha minyororo, na kazi yake ni moja tu: kumpiga Musa nayo. Sura tatu mbele, wanapendekeza kumwondoa kabisa na kuchagua kiongozi mwingine wa kuwarudisha walikotoka.

Sasa fungua mwisho wa Kumbukumbu la Torati, sura ya 34. Musa amepanda mlima Nebo, ameonyeshwa nchi ya ahadi kwa macho, na amekufa bila kuvuka Yordani. Watu wale wale waliotaka kumpiga mawe wanamlilia siku thelathini. Machozi yale yalikuwa ya kweli, sina shaka nayo. Lakini Musa hakuyasikia. Aliyoyasikia kwa miaka arobaini ni manung'uniko.

Sisi nasi tulikuwa na jangwa letu. Kutoka fainali za Lagos za mwaka 1980 hadi zile za Misri mwaka 2019 ni miaka 39, umepungua mmoja tu kuifikia ile ya Waisraeli. Na hapa kuna mtu mmoja ambaye sisi wa mkoa wa Morogoro tunapaswa kumkumbuka kuliko Watanzania wengine.

Wengi wa Kilosa na Mikumi walimfahamu marehemu Joel Bendera kama mkuu wa mkoa wetu, katika miaka migumu ambayo wakulima na wafugaji wa wilaya hii walikuwa wakigombana juu ya ardhi na maji. Kabla ya hapo alikuwa naibu waziri aliyeshughulikia michezo, katika miaka hiyo hiyo ya Maximo. Lakini mzee anayeujua mpira atakwambia kwamba Bendera ndiye kocha Mtanzania aliyekuwa na Stars Agosti 1979 kule Ndola, Zambia, Peter Tino alipofunga bao la sare ya 1-1 lililotupeleka Lagos. Alitufikisha tulikokuwa hatujawahi kufika. Baada ya hapo aliishi karibu miaka 38, akihudumu katika ofisi za umma, akipita barabara zetu hizi. Ni wangapi kati yetu waliomsimamisha wakamwambia, "Mzee, asante kwa Ndola"? Alifariki Desemba 2017. Machi 24, 2019, Stars iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu tena kwa mara ya kwanza tangu siku yake. Miezi kumi na mitano tu ilitosha kumfanya asiione.

Mwaka huo wa 2019 unatufundisha jambo lingine. Kocha alikuwa Mnigeria Emmanuel Amunike. Kati ya mabao matatu yale, moja lilikuwa la penalti ya Erasto Nyoni, yule kijana wa Ouagadougou wa mwaka 2007, sasa mtu mzima. Kelvin Yondani, ambaye naye Maximo alimpanga akiwa kijana, alikuwemo katika kikosi kilichokwenda Misri. Wanakumbusha Yoshua na Kalebu, wawili wa kizazi cha jangwani waliovuka. Sisemi kwamba Maximo ndiye aliyetufuzisha. Heshima ya 2019 ni ya Amunike na vijana wake. Nasema kazi ya mtu inaweza kuendelea kutembea baada ya mwenyewe kuondoka. Mtume Paulo aliwaeleza hivyo Wakorintho walipogombana kama Simba na Yanga, hawa wakijiita wa Paulo na hawa wa Apolo: mmoja amepanda, mwingine amemwagilia, na anayeotesha ni Mungu. Mkulima anayetumia maji ya mfereji wa Mwega hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Anajua anavuna kwa maji ambayo wengine waliyachimbia njia.

Na Amunike mwenyewe? Alitufikisha Misri, tukapoteza mechi zote tatu, na Julai hiyo hiyo akaachishwa kazi. Jangwa la miaka 39 lilikwisha Machi. Shukrani yetu haikufika Agosti.

Najua kuna msomaji anayenijibu hivi: "Padre, mpira ni matokeo. Kocha analipwa fedha za wananchi. Asiyefikisha aondoke, na kumwondoa si dhambi." Ana hoja, na naikubali. Shukrani haifuti uwajibikaji. Musa mwenyewe aliwajibishwa: kosa lake kwenye maji ya Meriba limeandikwa wazi, halikufichwa kwa sababu ya heshima yake, na lilimgharimu nchi ya ahadi. Maandiko hayamjazi lumbesa ya sifa. Yanaeleza bahari aliyoivusha watu na mwamba alioupiga, yote katika kitabu kimoja.

Ndiyo maana habari ya Juma Kaseja lazima ibaki katika simulizi ya Maximo. Golikipa yule, ambaye wengi walimwona bora nchini, aliachwa nje ya Stars kwa muda mrefu, na mashabiki walitaabika. Kocha ana haki ya kuchagua. Lakini aliyeachwa naye ni mtu, na jeraha lake ni sehemu ya historia. Tena tazameni jinsi Mungu anavyoandika: Agosti 2019 Kaseja, akiwa ameshapita miaka 30, alirudi langoni na kuokoa penalti kule Nairobi tulipoitoa Kenya kwa mikwaju katika kuwania CHAN. Mwezi uliofuata aliwatoa jasho Burundi kwa namna hiyo hiyo. Anayemkumbuka Maximo kwa haki ataweka gunia zima mezani: furaha ya 2007, majonzi ya Msumbiji, nidhamu aliyoidai, na aliowaacha nje.

Sasa tutoke uwanjani tuingie kanisani, maana huko ndiko neno hili linatuuma zaidi.

Kila parokia ina Maximo wake. Paroko akihamishwa, miezi sita haipiti kabla hamjaanza kusema, "Enzi za Padre yule mambo yalikwenda." Mnasahau kwamba alipokuwepo mlimwandikia Askofu barua. Huyu wa sasa mnamlinganisha na mtu ambaye hayupo tena, na asiyekuwepo hakosei. Mwalimu wa kwaya, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, mama wa WAWATA aliyeshika hazina kwa uaminifu, wote hupita katika kipimo hicho: lumbesa ya madai wakiwa kazini, lumbesa ya sifa wakishaondoka.

Lakini anayeumia kuliko wote ni katekista wa kigango. Ninyi mnaoishi katika vigango vya mbali mnalijua hili. Padre anafika siku chache kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Dominika zilizobaki ni katekista anayeongoza ibada, anayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, anayekaa na mgonjwa usiku, anayezika. Wengine wamefanya hivyo miaka thelathini kwa baiskeli. Kisha anazeeka, macho yanapungua, kijana mwingine anachukua nafasi, na mzee anabaki nyumbani na presha yake bila kadi ya bima.

Siku akifa tunajua kufanya mambo. Kwaya inashona sare. Jeneza linakuwa zuri, mashada yanapangwa, wasifu unasomwa kurasa nne, na kila jumuiya inataja kwa kipaza sauti kiasi ilichotoa. Nimesikia wasifu wa namna hiyo mara nyingi, na kila mara nimejiuliza marehemu angetoa nini ili asikie nusu ukurasa tu akiwa hai. Sehemu ya fedha za siku ile moja ingeweza kumnunulia dawa za miezi mingi. Hayo yakiendelea hivi hivi, sisi ni wale Waisraeli: siku thelathini za machozi kwa mtu tuliyemchosha kwa miaka arobaini.

Naomba basi tufanye mambo matatu, na nayaomba kwa uzito.

La kwanza, vitunguu vya msimu huu vitakapouzwa, kabla fedha haijapata njia nyingine, kila jumuiya ndogondogo ikae na kumtaja katekista mstaafu wa kigango chake. Ana bima? Paa lake linavuja? Nani anamchotea maji? Majibu yakipatikana, mchango utafutwe akiwa hai, kwa bidii ile ile tunayoitumia kwenye msiba.

La pili, mtafute wiki hii mtu mmoja aliyekuongoza zamani, awe mwalimu wako wa darasa la tatu, kocha wa timu yenu ya kijiji au paroko aliyehamia mbali. Mtembelee au mpigie simu. Mshukuru kwa jambo moja unalolikumbuka, ulitaje kwa jina lake, kama vile mzee wa mpira anavyoitaja Ndola. Kama una kinyongo naye, mweleze mwenyewe kwa upole, ninyi wawili, kama Bwana alivyotuelekeza katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Kijiwe hakina mamlaka ya kuondolea.

La tatu, umpe aliyepo kazini sasa gunia lenye kipimo cha haki. Mwulize mlichopatana naye, mpime kwa hicho, na umwambie ukweli akipungua. Bwana wetu katika Luka, sura ya 6, anatuonya kwamba pishi tunayoitumia kwa jirani ndiyo itakayotumika kwetu siku yetu ikifika. Nani kati yetu atasimama siku hiyo akipimwa kwa lumbesa?

Kanisa linakusanyika kila Dominika kwa ajili ya ukumbusho. Ekaristi tunayoiadhimisha inamkumbuka Yeye aliyehukumiwa na umati uliomshangilia siku chache kabla. Tukirudi kutoka altareni, tuwakumbuke hivyo pia waliotutembeza jangwani, wangali wanasikia.

Nawatakieni Dominika njema.